Mzinga Ulioitwa Karl

Msomaji, ukipata nafasi ya kufika Mombasa na kuizuru Fort Jesus, utauona humo mzinga wa zamani uliotoka katika manowari ya Kijerumani iliyoitwa Königsberg. Manowari hiyo ilijificha katika milango ya mto Rufiji, ikashambuliwa na Waingereza, na mwezi wa Julai mwaka 1915 mabaharia wake wenyewe wakaizamisha. Mizinga yake 10 ikaopolewa majini, ikatiwa magurudumu, ikaburutwa katika pori la Tanganyika kwa nguvu za wapagazi ambao wengi wao hawakuandikwa jina katika jiwe lo lote. Weka ngumi yako mbele ya mdomo wa mzinga huo: upana wa tundu lake ni sentimita 10 na nusu tu. Walakini katika vita vile vya nchi zetu mzinga wa namna hiyo ulihesabiwa kuwa ni silaha ya kuogofya.

Sasa ufikiri juu ya mzinga mwingine, ambao tundu la mtutu wake lina upana wa sentimita 60. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza angeweza kutambaa akaingia mwilini mwake kama panya aingiavyo shimoni. Mzinga huu haukuburutwa na watu wala na maksai; ulikwenda wenyewe kwa injini yake, juu ya minyororo ya chuma kama kifaru kiendavyo. Ilitengenezwa mizinga 7 tu ya aina hiyo, huko Ujerumani, na jina iliyojulikana kwalo ni Karl. Nataka nikueleze kwa nini ilitengenezwa, ilipelekwa wapi, na huko ilikopelekwa ilifanya nini. Maana mambo hayo matatu, kama utakavyoona, hayakupatana hata kidogo.

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia Wafaransa waliingiwa na hofu ya kuvamiwa tena. Basi kuanzia miaka ya mwisho ya 1920 walijenga mpakani mwao na Ujerumani safu ya ngome za zege na chuma, zenye vyumba, ghala na reli ndogo chini ya ardhi, wakaziita kwa jina la waziri wao wa vita, André Maginot. Fedha zilizotumiwa hazina mfano. Wajerumani nao, walipoanza kujitayarisha kwa vita vipya chini ya Hitler, walijiuliza: ni silaha gani itakayolipasua zege lenye unene wa mita mbili na tatu? Mabomu ya ndege ya siku zile hayakuweza. Mizinga ya kawaida ya jeshi ilikuwa kama kurusha kokoto ukutani. Mwaka 1936 kiwanda cha Rheinmetall kikatoa shauri la kutengeneza mzinga mfupi na mnene, wenye kutupa kombora juu sana ili lishuke kwa uzito wake wote juu ya paa la ngome.

Shauri la kwanza lilikuwa kuupeleka mzinga huo vitani vipande vipande na kuuunganisha mahali pa kupigia. Lakini mafundi walipopiga hesabu waliona kwamba kazi ya kuunganisha ingechukua muda mrefu mno, na adui asingekaa akitazama tu. Ndipo mwaka 1937 ilipokatwa shauri kwamba mzinga uwe na injini na minyororo yake mwenyewe, uende kwa nguvu zake mpaka mahali pake. Kwa maneno mengine, walitaka mlima utembee.

Mlima ukatembea, lakini kwa shida. Karl alikuwa na uzito wa tani 124 na urefu wa mita 11 na zaidi kidogo. Injini yake ilikuwa na nguvu za farasi 580, ambazo ni nyingi kwa gari lakini ni chache kwa mlima. Mwendo wake wa kasi kabisa haukuzidi kilomita 10 kwa saa. Wewe ukienda mbio kwa miguu mitupu ungeuacha nyuma bila kuhema. Kwa safari ndefu mzinga huo ulichukuliwa na reli, ukining'inizwa kati ya mabehewa mawili yaliyotengenezwa kwa kazi hiyo peke yake, mithili ya mgonjwa aliyebebwa katika machela. Pasipokuwa na reli, ulivunjwa vipande kwa winchi kubwa na kupakiwa juu ya magari mengi ya kukokotwa. Minyororo yake ilitumika hasa kwa masafa mafupi, kutoka kituo cha reli mpaka mahali pa kupigia.

Nawaomba wale wapendao hesabu wanisikilize hapa. Kombora zito la Karl, lile la kupasulia zege, lilikuwa na kilo 2,170. Gunia moja la mahindi kama lile tulizoea kulipima Kenya ni kilo 90. Basi kila mara mzinga ulipolia, ulirusha angani magunia 24 ya mahindi katika umbo la chuma kimoja. Hakuna wanaume wanne wala kumi wawezao kuliinua kombora hilo, kwa hiyo kila mzinga ulifuatwa na magari ya kuchukulia makombora, yaliyoundwa juu ya viunzi vya vifaru, kila moja likiwa na winchi yake na nafasi ya makombora manne. Ili kuupakia, mtutu ulishushwa mpaka ukalala sawasawa, winchi ikaweka kombora katika kitanda chake, likasukumwa ndani, kisha mtutu ukainuliwa tena kuelekea mbinguni. Kwa sababu hiyo haukuweza kupiga zaidi ya mara moja katika kila dakika 10 hivi. Tena kabla ya kupiga, mwili wote wa gari ulishushwa ukakaa juu ya ardhi, ili kishindo cha kurudi nyuma kisiyavunje magurudumu. Na mtutu haukuweza kuzungushwa ila nyuzi chache tu kulia na kushoto. Aliyetaka kuulenga mahali pengine alikuwa hana budi kuligeuza gari zima.

Kombora lenyewe lilitoka mtutuni kwa mwendo wa mita 220 hivi kwa sekunde, ambao ni pungufu ya mwendo wa sauti. Kwa hiyo liliweza kuonekana kwa macho likipaa kama ndege mnene mweusi, na wapiga picha wa Kijerumani walifaulu kulinasa likiwa angani.

Lakini kasoro kubwa ya Karl ilikuwa katika umbali. Kombora zito lilifika mita 4,320 tu. Huo ni mwendo ambao wanafunzi wengi wa shamba huutembea kila asubuhi kwenda shule! Mzinga wa tani 124, usioweza kukimbia, usioweza kugeuka upesi, wenye askari wapatao 20 wanaouhudumia mahali pa wazi, ulilazimika kusogea karibu na adui kiasi hicho. Baadaye ilitengenezwa mitutu mingine yenye upana wa sentimita 54, ambayo kombora lake lilikuwa jepesi zaidi na kufika kilomita 10, lakini hiyo haikuweza kubadili tabia ya mzinga. Karl angeweza kutumika pale tu ambapo adui amezingirwa, hana ndege, hana mizinga ya kumjibu, wala hana pa kukimbilia. Lishike sana neno hili, maana ndilo litakalotufikisha Warsaw.

Jina Karl lilitoka kwa Jenerali Karl Becker, mtaalamu wa elimu ya mizinga na mkuu wa idara ya silaha ya jeshi la nchi kavu, aliyeshughulika na kazi hiyo. Hakuuona mzinga ukipelekwa jeshini. Mwezi wa Aprili mwaka 1940, baada ya kulaumiwa vikali kwa upungufu wa risasi na makombora, alijitoa uhai. Mwezi uliofuata Wajerumani waliivamia Ufaransa, wala hawakuzigonga ngome za Maginot kwa kichwa. Walipita katika misitu ya Ardennes, ambayo Wafaransa waliidhani haipitiki kwa vifaru, na tarehe 22 Juni 1940 Ufaransa ikatia sahihi mkataba wa kusimamisha vita. Karl wa kwanza alikabidhiwa jeshi mwezi wa Novemba mwaka ule ule. Ngome alizoundiwa zilikuwa tayari mikononi mwa waliomuunda.

Hapo mtu mwenye busara ya kawaida angesema, "Tuliyeyushe chuma hiki." Lakini serikali haina desturi ya kukitupa kitu kilichokwisha kuigharimu fedha nyingi. Mizinga ikaendelea kutoka kiwandani mpaka mwaka 1941, na sita kati yake ikapewa majina kama watoto wa nyumba moja: Adam na Eva, kisha Odin, Thor, Loki na Ziu. Haya manne ya mwisho ni majina ya miungu ya kale ya watu wa Ulaya ya kaskazini. Wewe msomaji unawajua wawili kati yao bila ya kujijua, maana Waingereza waliita siku ya Alhamisi kwa jina la Thor, mungu wa radi, na siku ya Jumanne kwa jina la Ziu, ambaye kwao alijulikana kama Tiw, mungu wa vita. Ziu tutamkuta tena.

Kazi ya kwanza ilipatikana tarehe 22 Juni 1941, siku Wajerumani walipoivamia Urusi ya Kisovieti. Mizinga miwili ilipangwa karibu na mto Bug kuipiga ngome ya Brest, ambayo leo imo katika nchi ya Belarus. Ngome hiyo ilikuwa ya matofali mekundu, ya karne ya 19, na majemadari wa Kijerumani walitazamia kuitwaa kabla jua halijafika utosini. Mizinga ililia, majengo yalibomoka, na walinzi wakaendelea kupigana siku ya pili, ya tatu, ya nne, wakiwa na kiu kali, kwa kuwa mabomba ya maji yaliharibiwa na mtoni palikuwa pakilindwa na bunduki za rasharasha. Sehemu iliyokaa sana haikushindwa ila baada ya karibu wiki nzima, tena kwa mabomu makubwa ya ndege.

Mwaka uliofuata Karl alipelekwa Sevastopol, bandari iliyo katika rasi ya Krimea. Hapa angalau alipata kazi aliyozaliwa kuifanya. Mji ulikuwa umezingirwa tangu mwisho wa mwaka 1941, na upande wa kaskazini ulilindwa na ngome ya zege ambayo Warusi waliiita Bateria ya 30, na Wajerumani wakaiita Maxim Gorky kwa jina la mwandishi mashuhuri wa Kirusi. Ndani yake mlikuwa na mizinga minne ya sentimita 30 na nusu, iliyofunikwa kwa makofia mazito ya chuma yanayozunguka. Mwezi wa Juni 1942 mizinga ya Karl ilitupa huko Sevastopol makombora zaidi ya 100, na kofia za ngome hiyo zikavunjwavunjwa. Lakini ngome haikuanguka kwa sababu hiyo. Tarehe 17 Juni ilibidi askari wa miguu waitambae, waingie na baruti na mitungi ya moto, wapigane na Warusi chumba kwa chumba katika giza la chini ya ardhi. Mji wenyewe ulishindwa mwanzoni mwa Julai.

Huko huko Sevastopol palikuwa na mzinga mkubwa kuliko Karl, nao ni ule wa reli ulioitwa Dora, wenye tundu la sentimita 80, mkubwa kuliko yote iliyopata kupigwa vitani. Huo ulihitaji kujengewa reli mbili sambamba na kuhudumiwa na maelfu ya watu, na makombora uliyotupa mjini pale yalikuwa kiasi cha 48. Mimi nikiwasomesha walimu wanafunzi habari hizi huwaambia wapige hesabu ya askari, chuma, mafuta na mabehewa yaliyoingia katika makombora hayo 48. Wengi huacha katikati na kucheka. Lakini wako waliokuwa chini ya makombora, nao hawakucheka.

Sasa twende Warsaw.

Poland ilivamiwa na Ujerumani mwezi wa Septemba 1939, na kwa miaka mitano mji mkuu wake ulikaa chini ya utawala wa kikatili usioelezeka. Wayahudi wa mji huo, ambao walikuwa mamia ya maelfu, walifungiwa katika mtaa mmoja wenye ukuta, wakapelekwa kuuawa. Na waliobaki walipoinuka kupigana mwaka 1943, mtaa wao ukateketezwa nyumba kwa nyumba. Tarehe 1 Agosti 1944, majeshi ya Urusi yakiwa yanaukaribia mto Vistula kutoka mashariki, jeshi la siri la Wapolandi lilitoka mafichoni na kuanza kuwafukuza Wajerumani mitaani. Walitumaini kupigana siku chache tu. Walipigana siku 63.

Walikuwa na bunduki chache, na wengine hawakuwa na silaha ila chupa za petroli. Wavulana na wasichana walikuwamo. Maskauti wadogo, wa umri wa wengi katika ninyi na hata pungufu, walianzisha posta yao wenyewe, wakapeleka barua za wenyeji kutoka mtaa hadi mtaa wakipita katika vyumba vya chini na matundu yaliyotobolewa kutani. (Wale kati yenu walio skauti wanajua kwamba mwanzilishi wa chama chao, Baden-Powell, alizikwa Nyeri mwaka 1941.) Katika jengo refu la mji, lililoitwa Prudential, bendera ya Poland ya rangi nyeupe na nyekundu ilipandishwa siku ile ile ya kwanza, na watu wakaiona kutoka mbali wakalia machozi.

Hitler aliamuru mji uangamizwe. Katika mtaa wa magharibi uitwao Wola, kuanzia tarehe 5 Agosti, vikosi vyake viliwatoa watu majumbani mwao, wanaume kwa wanawake, wagonjwa na watoto wachanga, vikawapiga risasi kwa makundi. Hesabu ya waliouawa Wola katika siku hizo chache ni watu 40,000 au zaidi. Na katika mtaa huo huo wa Wola, katika bustani iitwayo kwa jina la Jenerali Sowiński, aliyekufa hapo mwaka 1831 akiulinda mji dhidi ya Warusi, katikati ya Agosti ukaletwa mzinga Ziu.

Angalia jinsi mahali palivyofaa. Adui alikuwa amezingirwa. Hakuwa na ndege, wala mizinga ya kumjibu, wala pa kukimbilia. Umbali wa kutoka bustanini mpaka katikati ya mji ulikuwa kilomita chache. Masharti yote yaliyoukosesha Karl kazi mbele ya jeshi la kweli yalitimia hapa, mbele ya watu waliojificha katika vyumba vya chini ya nyumba zao.

Lakini palikuwa na jambo ambalo watengenezaji hawakulifikiria. Kombora la Karl lilitengenezwa lilipuke baada ya kugonga zege nene. Nyumba za kupanga za Warsaw hazikuwa na zege la namna hiyo. Kombora lilipita katika paa, likatoboa orofa ya juu, ya kati na ya chini kama msumari upitao katika boksi, na mara nyingine likafika chini lisilipuke. Kombora moja la namna hiyo liliingia katika jengo la mkahawa uitwao Adria, likakaa chini kimya. Wapiganaji waliyaendea makombora hayo kwa nyundo na patasi, wakafungua, wakatoa baruti, wakatengenezea mabomu ya mkono ambayo wakawarudishia wenyewe. Sijui kama katika historia yote ya silaha kuna ushujaa wa kimya kupita ule wa mtu aliyekaa peke yake gizani, amepiga magoti kando ya tani mbili za mauti, akigeuza parafujo polepole. Yalipolipuka, hata hivyo, nyumba nzima iliwashukia waliojificha chini yake, na hapakuwa na haja ya kuchimba kaburi.

Tarehe 28 Agosti kombora la Ziu lililipiga jengo la Prudential. Mpiga picha mmoja wa jeshi la siri, Sylwester Braun, alikuwa juu ya paa la nyumba nyingine na kamera yake, akapiga picha mfululizo: kwanza mnara umesimama, kisha moshi na vumbi vimeruka kutoka ubavuni mwake, kisha wingu limeumeza wote. Picha hizo zimejulikana ulimwengu mzima. Ukiziona utadhani kwamba vumbi lilipotua mnara haukuwapo tena.

Ulikuwapo! Ulikuwa umeinama kidogo, umechunwa ngozi yote, lakini mifupa yake ilikuwa imesimama. Mifupa hiyo ina habari yake. Jengo hilo lilikamilika mwaka 1934 kwa kampuni ya bima ya Kiingereza, na lilikuwa na urefu wa mita 66, miongoni mwa majengo marefu ya Ulaya kwa wakati ule. Aliyeshughulika na kiunzi chake cha chuma alikuwa profesa Stefan Bryła, mhandisi aliyekuwa mbele ya wenzake wengi duniani katika elimu ya kuunga chuma kwa kuchomelea badala ya kupigilia ribiti. Ni yeye aliyechora daraja la barabara la kwanza duniani lililochomelewa lote, katika kijiji cha Maurzyce, Poland, lililomalizika mwaka 1929 na ambalo lipo mpaka leo. Wakati wa utawala wa Wajerumani, vyuo vikuu vilipofungwa, Bryła aliendelea kuwasomesha wanafunzi kwa siri. Walimkamata, na tarehe 3 Desemba 1943 wakampiga risasi katika barabara ya Warsaw. Kwa hiyo siku ile chuma cha profesa kilipokutana na chuma cha jenerali, wenye chuma hicho wote wawili walikuwa wamekwisha kufa, na kila mmoja alikufa kwa njia yake. Jengo lilitengenezwa baada ya vita likawa hoteli.

Mji haukuwa na mifupa ya namna hiyo. Tarehe 2 Oktoba 1944 wapiganaji waliweka silaha chini. Majeshi ya Urusi yalikuwa yamesimama ng'ambo ya Vistula. Sababu za kusimama kwao zimebishaniwa na wanahistoria tangu siku hizo, na wengi wanaona kwamba Stalin hakuwa na haraka ya kuwaokoa Wapolandi ambao hawakuwa watu wake. Raia waliokufa katika siku zile 63 wanakadiriwa kuwa kati ya 150,000 na 200,000. Waliosalia walifukuzwa mjini, kisha wakaja mafundi wa Kijerumani na baruti na moto, wakabomoa mtaa baada ya mtaa. Siwezi kusema kwamba Karl ndiye aliyeua watu hao; wengi waliuawa kwa silaha ndogo tu, bunduki na kiberiti.

Huenda utauliza, mambo haya ya mbali yanatuhusu nini? Nitakujibu kwa jambo moja, na si la kutafuta kwa taa. Wakati Ziu ulipokuwa ukinguruma Wola, Tengeru karibu na Arusha palikuwa na kijiji cha Wapolandi wapatao 5,000, na wengine walikuwa Masindi na Koja katika Uganda. Hawa walikuwa wengi wao wanawake na watoto kutoka mashariki ya Poland, waliochukuliwa na Warusi mwaka 1940 na 1941 wakapelekwa Siberia na kwingineko, kisha wakafunguliwa, wakapitia Iran, na kuanzia mwaka 1942 wakaletwa Afrika ya Mashariki. Waume na kaka zao walikuwa vitani. Walijenga shule na kanisa, wakalima, wakangoja habari za kwao. Habari zilizokuja mwezi wa Oktoba 1944 zilikuwa hizo nilizokueleza. Baada ya vita wengi hawakurudi tena Poland, na makaburi ya waliofia Tengeru yako pale mpaka leo, chini ya mlima Meru, yakitunzwa vizuri. Kanisa walilolijenga Masindi nalo linasimama.

Mwisho wa mizinga yenyewe hauna mengi ya kusimuliwa. Mwezi wa Machi 1945 Wamarekani waliliteka daraja la Remagen katika mto Rhine, na Wajerumani kwa ghadhabu wakapeleka kila kitu walichokuwa nacho: ndege, maroketi, wapiga mbizi, na Karl mmoja mwenye mtutu wa sentimita 54. Huyo alitupa makombora 14, akaharibu nyumba kadha wa kadha, akaharibika yeye mwenyewe, akarudishwa nyuma kutengenezwa. Wiki chache baadaye vita vya Ulaya vilikwisha. Mizinga mingine ilivunjwa na Wajerumani wenyewe ili isishikwe, mingine ikatekwa.

Mwaka 2012 kombora la Karl ambalo halikulipuka lilifukuliwa mjini Warsaw, likiwa limelala chini ya miguu ya wapita njia kwa miaka 68. Mzinga mzima umebaki mmoja tu ulimwenguni, katika makumbusho ya vifaru ya Kubinka, karibu na Moscow. Kwa miaka mingi wageni waliofika pale waliambiwa kwamba huo ndio Ziu wa Warsaw, kwa kuwa jina hilo limepakwa ubavuni mwake. Mafundi walipokuja kuusafisha na kuikwangua ile rangi ya juu, chini yake walikuta jina jingine la zamani zaidi. Lilikuwa Adam.